Gari la Italia Juu ya Shimo la Mume Wangu

Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu Bonifasi. Alikufa chini ya gari. Si kwamba gari lilimgonga... alikuwa ameketi chini ya ardhi, na gari lilikuwa juu yake, limesimama.

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita. Ninakaa Kolwezi, upande wa barabara ya kwenda Kingamyambo. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kwa hiyo mtanisamehe kama maneno yangu hayakupangwa vizuri. Watu huniita Mama Rejina, kwa jina la binti yangu, mtoto pekee aliyebaki kati ya watoto wangu. Sikuwahi kuandika mahali popote habari za nyumba yangu. Naandika sasa kwa sababu jambo hili lilielezwa vingine, na aliyelieleza vingine ana sauti kubwa kuliko mimi.

Mume wangu alikuwa mchimbaji. Mtaani kwetu ardhi yenyewe ina mawe ya kobalti, na watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao, uani, jikoni, hata chumbani chini ya kitanda. Serikali ilikataza, maana nyumba zilikuwa zinaanguka. Lakini unamkatazaje mtu kuchimba chini ya kitanda chake? Watu waliendelea kwa kujificha. Bonifasi naye alichimba shimo katika kiwanja chetu, nyuma ya nyumba, akalijengea kibanda cha matofali ili lisionekane.

Aliyekuwa ananunua mawe yake ni kaka yake mkubwa, Anakleti. Leo naandika jina hilo bila shida. Siku zile nisingeweza. Kwetu, mke halitaji jina la kaka mkubwa wa mume wake. Ni kama baba mkwe. Unampa chakula ukiwa umepiga magoti, unazungumza naye kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mkeka, na unamwita Tata. Nililelewa hivyo Sandoa, na mama yangu alilelewa hivyo. Niliona fahari kwamba ninajua kumheshimu mtu.

Tata Anakleti alianza kama sisi, na gunia mgongoni. Kisha akapata mzani, akapata depo ya kununulia mawe, akapata nyumba yenye ghorofa. Hapo ndipo aliponunua lile gari.

Lilikuwa gari la Italia, jekundu, la chini sana, utadhani limelala kifudifudi. Habari zake niliambiwa mara nyingi hadi nikazijua kama sala. Lilitengenezwa zamani, mimi sijazaliwa. Mwenye kulinunua wa kwanza alikuwa mwigizaji wa sinema wa huko Roma, mwanamke mzuri aliyependa kuliendesha bila viatu. Ilikuwapo foto yake ameketi juu ya boneti, anacheka. Baada yake lilichukuliwa na Mbelgiji mmoja wa kushindana mbio za magari. Huyo akaliuza kwa mkubwa mmoja wa hapa kwetu, nyakati za Zaire, naye alikuwa analiendesha kwenye uwanja wa ndege, kwa sababu barabara zote zilikuwa na mashimo. Mkubwa alipokimbia nchi, gari lilibaki kwenye shamba lake, ndani ya ghala la mahindi. Kuku walitaga mayai kwenye viti vya ngozi miaka na miaka.

Tata Anakleti alilichukua kwa watoto wa mlinzi wa shamba lile. Alisema wazungu wanaokusanya magari ya kale watalililia. Kilichowavutia ni ile historia kuliko lile bati. Kila mtu aliyelimiliki alilipandisha thamani.

Lakini aliliweka wapi? Hakuliweka kwake. Alilileta kwetu.

Alikuja siku moja ya Jumapili tukiwa tumetoka misa. Akamwambia mume wangu, nami nikiwa nimepiga magoti naweka beseni la kunawia mikono:

"Boni, tupanue kile kibanda chako, tukifanye garaji. Motokari tunaiweka juu ya shimo."

Bonifasi akacheka, akimwita Yaya, yaani kaka mkubwa. "Yaya, juu ya shimo? Itaanguka, inikute kule."

"Tutaweka mbao za reli. Unafikiri mi ni mutoto? Sikia. Polisi akiingia humu, ataona motokari, atalomba foto. Polisi gani atalomba basukume motokari ya hivi?"

Niseme kweli, ilikuwa akili. Mtu mwingine asingeiwaza. Askari walikuja kweli, mara kadhaa, kutafuta mashimo mtaani. Walipofunguliwa mlango wa garaji walisahau kilichowaleta. Mmoja aliuliza kwa adabu kabisa:

"Tata, mi naweza kuikala kule ndani, kidogo tu?"

"Ikala, shefu. Lakini utoshe biatu. Yule mama wa Roma hakuvaliaka biatu humu."

Askari akavua buti. Akaketi ameshika usukani, soksi zimetoboka, mwenzake akampiga foto. Na mume wangu alikuwa chini yake, amekaa kimya na nyundo mapajani.

Nieleze tulivyofanya, ili mnielewe baadaye. Asubuhi mimi na Rejina tulilisukuma gari mbele kidogo. Ndiyo, gari la mwigizaji wa Roma lilisukumwa na mimi, na kitenge changu kimefungwa kiunoni! Tuliinua mbao, Bonifasi akashuka pamoja na mwenzake Mukalayi, kijana wa Kamina. Tulirudisha mbao, tukalirudisha gari. Kwa nyuma iliachwa nafasi ndogo ya kupitisha bomba la mashini ya hewa, ile inayowapulizia wachimbaji pumzi. Hapo hapo ilipita kamba. Kamba ilifungwa kopo lenye vijiwe kule chini. Nikivuta mara moja, maana yake: kuna wageni, nyamazeni. Nikivuta mara mbili: wageni wameondoka.

Askari walipokuja, tulizima mashini ya hewa ili wasisikie. Hawakukaa sana. Tuliiwasha tena, na kazi ikaendelea.

Bonifasi aliliita gari lile mke mwenzangu. Jioni, akiwa amenawa vumbi, alikuwa anasimama mlangoni mwa garaji na kuniita:

"Mama Rejina, kuya uangalie mwenzako. Anaolewa mara ine, na hajue kupika hata bukari ya unga."

"Lakini yeye njo analala kwa simenti," nilimjibu. "Siye tuko na tundu mu bati."

"Tukiuza, nitakutilia bati mupya. Nyumba muzima."

"Nyumba ya nani? Yako ao ya Yaya yako?"

Alicheka tu. Alimpenda kaka yake. Baba yao alikufa wakiwa wadogo, na Anakleti ndiye aliyemlisha. Kwa Bonifasi, neno la kaka lilikuwa limekwisha tiiwa hata kabla halijasemwa.

Basi, fundi mmoja wa Likasi aliletwa, akaitengeneza injini kwa wiki nyingi. Siku ilipowaka, tulikuwa tumelisukuma gari mpaka uani, shimo limefunikwa, na hakuna mtu chini. Sauti ile sijui niielezeje... ilikuwa kama ng'ombe dume anayeimba. Watu walipanda juu ya ukuta. Bonifasi alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Baada ya hapo lilirudishwa juu ya shimo.

Ndipo mnunuzi akapatikana. Mzungu mwenye nywele nyeupe, mtu mpole, amevaa viatu vya turubai. Aliambiwa aje siku ya Jumatano. Jumatano hiyo hakuna aliyepaswa kushuka, na gari lilipaswa kuwa uani, limeoshwa.

Alikuja Jumanne.

Ndege yake ilikuwa imetangulia, sijui. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni nilipoona gari la Tata Anakleti likiingia, na nyuma yake lingine. Alishuka haraka, akaja kwangu kabla wageni hawajafungua milango.

"Zima mashini ya hewa. Vuta kamba."

Nilizima. Nilivuta kamba, mara moja. Chini kopo lililia, kisha kimya. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mume wangu anyamaze. Kwa mkono huu.

Mzungu aliingia garajini na mkalimani wake. Alilizunguka gari polepole. Aligusa mlango, akagusa kiti, akatoa foto ya yule mwigizaji kwenye mkoba wake na kuilinganisha. Nadhani macho yake yalikuwa na machozi. Simchukii mzee yule. Hakujua.

Kisha akasema kitu, na mkalimani akatafsiri: "Mushé huyu anataka kusikia sauti ya injini."

Nikamwangalia Tata Anakleti. Nilijua atasema walisukume uani. Ndivyo tulivyokuwa tumefanya. Lakini nikaelewa wakati huo huo kile alichokuwa amekwisha kielewa yeye: gari likitoka, mbao zitaonekana. Mzungu atauliza kuna nini chini ya mbao. Atajua kwamba mali yake ilikuwa imekaa juu ya shimo la haramu, na ataondoka. Askari nao watajua.

Tata Anakleti akatabasamu. Akafungua mlango, akaketi kwenye kiti cha yule mwigizaji, akaliwasha pale pale.

Mabomba ya moshi yalikuwa manne, yote nyuma. Na nyuma ndipo ilipokuwa ile nafasi ya kamba.

Niliingia. Mnapaswa kujua kwamba niliingia! Nilipita mbele ya wageni, nikapiga magoti pembeni ya mlango wa gari, kama nilivyofundishwa, na nikasema kwa sauti ya chini, macho yangu kwenye sakafu:

"Tata, batu beko chini. Na mashini ya hewa inazimwa."

Alinisikia. Aliinamisha kichwa karibu na changu. Alinijibu bila kuacha kutabasamu kwa wageni:

"Mi najua. Kidogo tu."

Nikabaki nimepiga magoti. Moshi ulikuwa unaniingia machoni. Mzungu alifanya ishara ya mkono, apige tena, kwa nguvu zaidi. Tata Anakleti akakanyaga. Mkalimani alikuwa anarekodi kwa telefone. Kila nilipofikiri imekwisha, mzungu aliomba tena, na alipewa tena. Ilizimwa, ikawashwa upya ili asikie inavyoamka. Muda wote huo ungeweza kunywa chupa ya bia bila haraka.

Kwa nini sikupiga kelele? Mtauliza, na mna haki. Sijui kujibu vizuri. Mtu ambaye nilimwita Tata kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ameniambia anajua. Kama mkubwa amesema anajua, mimi ni nani? Nilikuwa nafikiri yeye anampenda Bonifasi kama mimi. Nilikuwa nafikiri atahesabu pumzi za ndugu yake vizuri kuliko mimi.

Ilipozimwa nilikimbilia kamba nikavuta mara mbili. Kopo lilisikika. Nikangoja Bonifasi agonge ubao, kama alivyozoea. Hakugonga. Nikavuta tena... Nikamwita Rejina, tukaanza kulisukuma gari, mimi na yeye, mbele ya wageni. Halikusogea, breki ilikuwa imefungwa.

Mzungu akashangaa, akauliza. Tata Anakleti akacheka, akamjibu kwa Kifaransa. Kifaransa changu ni kidogo, lakini hilo nililielewa. Alisema mimi ni mfanyakazi wake wa nyumbani, na kwamba nina haraka ya kufagia.

Akawatoa nje. Akamaliza maneno nao kule uani, akawapakia kwenye gari lao, akasema atawafuata hotelini. Alirudi anakimbia. Nakubali, alirudi anakimbia. Akafungua breki, tukasukuma, tukainua mbao, na moshi ukatupanda usoni kama umetoka jikoni kwenye kuni mbichi. Aliita, "Boni! Boni!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Majirani wachimbaji ndio walioshuka, vitambaa usoni. Mukalayi alikutwa mbali, amelala kifudifudi, mdomo kwenye ufa mdogo uliopakana na shimo la jirani. Alikuwa anapumua. Bonifasi alikutwa ameketi, mgongo kwenye ukuta, nyundo mapajani. Mkono wake ulikuwa umeshika kamba.

Alikuwa ameketi kama mtu aliyeambiwa anyamaze, naye akatii.

Kilio kilikuwa kikubwa. Tata Anakleti alileta turubai, viti, mchele, ng'ombe mzima, sanduku lenye vishikio vinavyong'aa. Watu walisema, huyo ndiye ndugu! Naye alilia kweli, nilimwona. Lakini kila aliyeuliza alijibiwa neno moja: udongo ulianguka. Hata padri aliambiwa udongo ulianguka. Siku ya pili ya kilio Mukalayi hakuonekana. Alikuwa amepelekwa Dilolo, akalinde mizigo ya Tata Anakleti mpakani, bado anatapika.

Na gari? Gari liliuzwa wiki hiyo hiyo. Lilipandishwa juu ya lori limefunikwa blanketi nyeupe. Mimi nilikuwa nimevaa kitambaa cheusi, nimekaa chini kwenye mkeka wa mjane, na likapita mbele yangu. Mke mwenzangu alitoka nyumbani kwa heshima kuliko mume wetu.

Kisha yakaanza maneno. Mnajua kwetu, mwanaume akifa, ndugu zake humwangalia mjane. Dada yake Bonifasi, Astrida, alikuwa ananipitia mkekani bila kunisalimu, anasema na hewa:

"Boni alikuwa anaogopa mashimo tangu utoto. Nani alimutuma kule? Kuko banamuke banaonaka manyumba ya benzabo, nabo banataka."

Wakaanza kusema tamaa yangu ya nyumba za wenzangu ndiyo iliyomshusha shimoni, na kiwanja kirudi kwa ukoo. Kwamba niliyemuua mtoto wao siwezi kulala katika nyumba yake. Rejina alikuwa anarudi kutoka bombani na ndoo, macho mekundu, haniambii walichomwambia.

Ningevumilia. Ningerudi Sandoa na mafurushi yangu. Lakini kitu kimoja kilinishinda. Ile video ya mkalimani ilianza kuzunguka kwenye matelefone ya watu. Vijana wa mtaani waliipenda. Walikaa barazani, wakaiwasha, wakafumba macho kusikiliza injini. "Sikia hapa, sikia anapokanyaga!" Nilikuwa nimekaa mkekani, na mara nyingi kwa siku nilisikia mume wangu anakufa, na watu wanasema ni tamu.

Siku ya kumaliza kilio ilifika. Ukoo wote ulikuja. Mkubwa wao, Tata Muteba, mdogo wa marehemu baba yao, alitoka Sandoa na fimbo yake. Ni mzee asiyeongea sana. Desturi ni kwamba kaka mkubwa wa marehemu amfungue mjane kitambaa cheusi. Kabla ya kufungua, mjane anaulizwa kama ana neno.

Nikapiga magoti. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba udongo haukuanguka. Kwamba lilikuwa gari. Kwamba nilimwambia Tata.

"Sema kwa nguvu, mama," akasema Tata Muteba. "Masikio yangu inazeeka."

Tata Anakleti akatikisa kichwa kwa huruma. "Huzuni inamuvuruga. Hakuniambia kitu. Tuliikala pale na bageni, na mukalimani, na Rejina kule inje. Muulize, nani alimusikia?"

Wakaangaliana. Nani aliyenisikia? Hakuna. Hata binti yangu hakusikia. Heshima yangu ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Nilikuwa nimesema kwa sauti ambayo mtu mmoja tu duniani aliweza kuisikia, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anakataa.

Astrida akasema, "Mnaona? Uongo hata mu kilio."

Sijui nilisimamaje. Magoti yalinyooka yenyewe. Nikamtazama usoni, mara ya kwanza katika maisha yangu. Ana kovu dogo juu ya jicho, sikuwahi kulijua. Nikamwita kwa jina.

"Anakleti!"

Mwanamke mmoja aliangusha mwiko. Nikaita tena.

"Anakleti! Nilipiga magoti kwa mulango ya motokari. Nilikuambia, batu beko chini!"

Uso wake ukabadilika. Hakuwa na hofu... alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

"Unaniita jina? Weye? Mbele ya bazee? Mara moja tu! Uliniambia mara moja tu, na weye mwenyewe ukanyamaza! Kama ilikuwa neno ya nguvu, sababu ya nini haukulia?"

Alipomaliza kusema, akasikia alichosema. Tuliona anakisikia.

Tata Muteba aliweka fimbo yake chini.

"Kumbe alikuambia," alisema.

"Tata, injini ilikuwa..."

"Kumbe alikuambia, mwanangu."

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyeita askari, maana ukoo haupeleki mtu wake. Tata Muteba alisema kiwanja ni cha Mama Rejina na binti yake, basi. Akamwita mke wake mzee, naye ndiye aliyenifungua kitambaa. Anakleti alitoka kabla ya chakula. Astrida aliniletea sahani ya bukari, akaiweka mbele yangu, na akapiga magoti kuiweka.

Mnafikiri nilipata haki? Anakleti bado anakaa kwenye ghorofa yake. Tukikutana sokoni, anaangalia pembeni. Lakini sikuwa naomba afungwe. Nilitaka tu ijulikane jinsi mtu wangu alivyokufa.

Niliyajua yote pale Mukalayi aliporudi kutoka Dilolo. Kwanza alinihadithia habari za gari. Alilikuta mpakani linangoja kuvuka kwenda Angola, watu wamelizunguka, na dereva wa lori anawasimulia: lilikuwa la mwigizaji wa Roma, likawa la mshindana mbio, likawa la mkubwa wa Zaire, likawa la tajiri mmoja wa Kolwezi. Hapo dereva aliishia. Hakumtaja Bonifasi.

Kisha Mukalayi akalia, akaniambia ya chini.

Nilipovuta kamba, Bonifasi alimwambia, "Nyamaza, beko na bageni." Injini ilipolia, alitabasamu gizani, taa ya kichwa ikamwonyesha meno. Akasema, "Sikia mwenzake Mama Rejina anaimba." Halafu moshi ukaja. Mukalayi alitaka kupiga kelele, agonge mbao kwa nyundo. Bonifasi akamshika mkono.

"Tukilia, batakamata Yaya."

Akamwonyesha ule ufa, atambae huko. Nafasi pale ilikuwa ya mdomo mmoja.

Wasomaji wenzangu, sina elimu ya kuwafundisha. Nawaomba kitu kimoja. Wapigieni magoti wakubwa zenu, wapeni maji ya kunawa, msiwatukane. Lakini kama mtu yuko chini na pumzi yake inakwisha, simama! Lia! Mwite kwa jina, mbele ya wageni, mbele ya mzungu, mbele ya Papa wa Roma kama yupo. Watakuita mwanamke asiye na adabu. Uitwe hivyo, na mume wako ayasikie akiwa hai, anakula. Mimi siku ile nilikuwa na adabu, na leo ninakula bila mume wangu.

Na ninyi mnaochimba chini ya nyumba zenu, mkiambiwa mnyamaze, msinyamaze kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kupaza sauti kwa ajili yenu.

Juzi, Jumamosi, mimi na Rejina tuliamua kulifukia shimo. Tulibeba udongo kwa mabeseni, ule ule aliokuwa ameutoa yeye, uliokuwa umerundikwa nyuma ya choo. Mukalayi alitaka kutusaidia, nikamkatalia.

Kamba ilikuwa bado imening'inia. Kabla ya beseni la kwanza niliishika, nikavuta mara mbili. Kule chini kopo lililia. Tulingoja kidogo, mimi na binti yangu.

Kisha tukamwaga udongo.